Magogo Kumi na Mawili ya Baba

Honiara,
12 Machi 2017

Mdogo wangu Clement,

Pokea salamu za hapa kwetu Kukum. Sisi wazima. Shemeji yako Watson mgongo umempa nafasi wiki hii, na watoto wanakwenda shule bila kupigiwa kelele. Mwambie Mama kikohozi kile asikinyamazie. Dawa yake nimeiweka kwenye kifuko cha kitambaa cha buluu, pamoja na sabuni na sukari.

Natumaini mlimpokea Baba salama na mkamzika vizuri. Nahodha Basil amenipa habari kwamba watu walijaa mpaka ufukweni na mahubiri yalikuwa marefu. Nawashukuru waliochimba na waliopika. Vile vyungu saba vya maua nilivyovituma na jeneza ni vya kaburi lake. Vimwagilieni asubuhi, si mchana.

Utauliza kwa nini sikuja. Kazi haikuniruhusu. Hilo tuliache.

Sasa jambo lenyewe. Basil anasema umekata ile minazi kumi na miwili ambayo Baba aliipanda kwa mkono wake, kutoka mlangoni kwake hadi baharini, na magogo mmeyaacha yalipoangukia. Clement, mila naijua, sikuzaliwa mjini. Lakini mila hiyo ilianza kabla ya chonga kufika visiwa hivi. Huku Honiara tunaye mwaka wa tatu sasa, yule mdudu mweusi mwenye pembe puani. Hutaga mayai ndani ya gogo la mnazi linalooza. Mabuu hula humo mpaka wanapokomaa, wanaota mbawa, wanatoka kwenda kutoboa vilele vya minazi iliyo hai. Ukishatobolewa moyo, mnazi huo umekwisha, na mwingine unafuata. Kisiwa chetu bado ni safi, na kazi yangu hapa gatini ni kukagua mizigo ya meli ili kibaki safi.

Kwa hiyo magogo hayo yapasueni, yaanikeni, kisha yachomeni. Nawapa miezi miwili. Nimekuwekea na karatasi yenye picha ya mdudu na ya buu lake. Ibandike kanisani.

Dada yako,
Muriel


Tarau,
20 Aprili 2017

Dada Muriel,

Barua yako imechukua wiki tano. Injini ya Basil ilikufa njiani, wakaivuta. Salamu zimefika. Mama hajambo, kwa kiasi ambacho mjane anaweza kuwa hajambo. Dawa anakunywa. Sukari iliishia kwenye chai ya waombolezaji. Mke wangu Florence amejifungua mtoto wa kike siku kumi zilizopita na wote wawili wanaendelea vizuri.

Kazi haikukuruhusu. Sawa. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo sijui neno la kusema juu ya magogo umelipata wapi.

Wewe unanifundisha mnazi mimi? Nimeanza kukausha mbata nikiwa na miaka tisa. Ulipokuwa shule ya bweni ukijifunza kuandika hizi barua zako za amri, mimi nilikuwa juu ya mnazi. Na hiyo miezi miwili unayonipa, unanipa kama nani?

Baba alipita kati ya minazi ile kila siku ya maisha yake. Alipolala, nayo ikalala. Hakuna anayeokota nazi pale wala kuvunja kuti mpaka matanga yaanuliwe mwakani. Shangazi Olive akienda kuoga huzunguka nyuma ya kanisa, na miguu yake unaijua ilivyo, ili asiruke gogo hata moja. Wewe unataka niyachome kama taka za sokoni. Kwanza ulituletea Baba ndani ya sanduku, sasa na kilio chake tukitie moto.

Na hata ningetaka, huna haja ya kuulizia nani hupiga shoka la kwanza la kuyaondoa magogo ya matanga. Ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Kabla yake hakuna mkono unaogusa, hata wa Chifu. Mtoto wa kwanza si mimi.

Maua yako tumeyapanda.

Karatasi ya picha nimeiona.

Clement


Honiara,
15 Mei 2017

Mdogo wangu,

Hongera ya mtoto. Mpeni jina la Mama upesi, kabla Shangazi Olive hajampa la kwake. Hapa mvua haikatiki na Watson amerudia kulala chini kwa ajili ya mgongo. Nimetuma nguo za mtoto na dawa nyingine ya Mama.

Umeniandikia kwa hasira, nami sitakujibu kwa sukari.

Wewe hujaona. Barabara ya uwanja wa ndege, minazi ambayo tuliikuta tulipokuja mjini, leo imesimama miti mitupu isiyo na kichwa. Watu wananunua nazi za kupikia kutoka visiwa vingine. Ndiyo maana gatini sina rafiki. Juzi mama mmoja alikuja na gunia la mbolea ya majani anampelekea binti yake. Akaniambia, "Dada, hii ya pilipili zangu tu." Nikaingiza mkono. "Na huyu ni nani?" Akasema, "Ah, funza tu huyo, dada, kuku wanampenda sana." Nililimwaga gunia lote kwenye pipa la maji ya moto, yeye akilia, na watu wakinitukana. Sikujali. Funza mmoja wa namna ile anatosha kumaliza kisiwa.

Unasema shoka la kwanza ni langu. Unasahau ulichosema Desemba pale ufukweni, nilipokuwa nampakia Baba kwenye mashua ili apelekwe hospitali. Ulisema mbele ya Tarau nzima, "Ukimchukua, usirudi." Umefunga mlango kwa mkono wako, halafu unauliza kwa nini siingii. Angebaki kwako asingeiona Krismasi. Kwangu aliongeza miezi miwili.

Haya, mimi mtoto wa kwanza nakupa ruhusa kwa maandishi. Chukua shoka kwa niaba yangu. Muoneshe Chifu barua hii. Baba hakuwa mtu wa kuabudu gogo.

Muriel


Tarau,
2 Julai 2017

Dada Muriel,

Nguo zimemtosha mtoto. Mama anakushukuru kwa dawa. Magimbi yamezaa sana mwaka huu na samaki wa msimu wameingia, kwa hiyo njaa hatuna.

Chifu nimemuonesha barua yako. Aliisoma mara mbili, akanirudishia. Akaniuliza, "Shoka linapigwa kwa barua siku hizi?" Wazee wakacheka mpaka popoo walizokuwa wakitafuna zikawatoka mdomoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama pale kama mtu aliyetumwa na dada yake.

Hiyo miezi miwili ya Baba usinihesabie. Ilikuwa miezi ya kutazama dari ya hospitali. Alitaka kutazama bahari. Aliniambia mimi, hakukuambia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa hushindwi na neno.

Pamoja na barua hii Basil atakupa kopo la chumvi. Mdudu aliyemo amekufa, nilimtia kwenye mafuta ya taa siku nzima, usiogope. Florence alimkuta nyuma ya nyumba ya Mama. Minazi miwili ya hapo imechipua makuti mapya yakiwa yamekatwa pembe pembe, kama kazi ya mtoto aliyepewa mkasi.

Kisiwa chetu ni safi, uliandika. Basi nieleze, mkaguzi. Mdudu asiyejua kuogelea amefikaje Tarau?

Clement


Honiara,
19 Julai 2017

Clement,

Wote wazima, natumaini na ninyi.

Ni chonga. Ni jike. Nimempeleka ofisini kabla hata ya kuketi. Basil anaondoka baada ya saa moja, kwa hiyo nitaandika kwa haraka, nawe usome polepole.

Kila nyumba ichimbe lundo lake la taka, vishina vilivyooza, mbolea, maranda ya mbao, kinyesi cha nguruwe kilichorundikwa. Buu atakayeonekana auawe, asitupwe. Asiwepo mtu wa kupeleka udongo, mche wala kikapu kibichi cha makuti kijiji kingine, hata kwa harusi. Tazameni vilele. Na yale magogo, nakuomba, si kwa amri safari hii, yachomeni. Wazee wacheke baadaye.

Kuhusu ulichouliza, hapa wanadhani ni meli za wakata mbao upande wa kaskazini. Zinashusha udongo na mitambo bila kukaguliwa. Ndivyo inavyokuwa kila mahali.

Muriel


Tarau,
11 Agosti 2017

Dada Muriel,

Mama anakusalimu. Salamu zangu mimi zimekwisha. Mtoto tumemwita Lucy, jina la Mama, na Shangazi Olive amenuna.

Meli za wakata mbao. Tangu kimbunga cha mwaka juzi hazijatia nanga upande wetu hata moja, na unalijua hilo kuliko mimi, maana karatasi za meli zote zinapita mikononi mwako. Tangu Mwaka Mpya hadi Pasaka ni meli moja tu iliyoshusha udongo Tarau. Ilishusha na jeneza.

Neno hili nimekaa nalo tangu Aprili. Leo nalitoa.

Siku ya tatu baada ya mazishi Mama alitaka maua yapandwe. Nikatoa mche wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye vyungu viwili, chini ya mizizi, walikuwamo mabuu wanene weupe waliojikunja, kila mmoja ananishinda kidole gumba. Mama akasema, "Wape kuku. Muriel ametuma na kitoweo." Akacheka. Hakuwa amecheka tangu afiwe, kwa hiyo nami nikacheka. Kuku wakala wale tuliowaona. Udongo uliobaki sikuutupa shambani, maana udongo uliosafiri na maiti hautupwi ovyo. Niliumwaga juu ya magogo ya Baba, mahali ambapo tayari ni mwiko na hakuna atakayepakanyaga. Wiki chache baadaye ikaja karatasi yako ya picha. Nikaitazama ile picha ya buu. Nikaikunja. Kanisani sikuibandika.

Sasa niambie. Gatini kila mzigo una karatasi, na kila karatasi ina sahihi chini. Sahihi ya vyungu vile ni ya nani? Yule mama wa pilipili ulimmwagia gunia lake kwenye maji ya moto akilia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Minazi iliyokatwa makuti imefika kumi na mmoja. Chifu amewatoa watu wote, wanawake kwa wanaume, wamechimba malundo yao siku tatu. Hawakukuta kitu. Uwanja pekee ambao haujachimbwa Tarau nzima ni wetu. Wakipita wanautazama, kisha wananitazama mimi.

Clement


Honiara,
30 Agosti 2017

Clement,

Wa nyumbani kwangu wazima. Lucy ni jina zuri.

Sahihi ni yangu.

Siku ile nilifika gatini na jeneza mapema asubuhi. Wapakizi walivua kofia. Mwenzangu wa zamu akaninong'oneza, "Mama Muriel, hivi vyungu tuvimwage?" Nikamjibu, "Ni vya baba yangu." Akarudi nyuma kwa adabu. Nikaandika "safi" bila kuingiza hata kidole. Udongo wenyewe niliuchota kwenye lundo la majani nyuma ya nyumba yangu, na kila wiki nawapigia majirani kelele wafunike malundo yao. Nilikuwa na aibu na uchovu. Nilitaka kitu kimoja kutoka kwangu kifike kaburini, maana mwenyewe sikuthubutu kufika. Shangazi Olive angesema nimemuua, nawe ungesimama pembeni usimkanye. Hiyo ndiyo sababu yangu, na najua mnazi hauli sababu.

Jana nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia yote, nikamuonesha na ile karatasi. Gatini nimeondolewa. Kama kuna kazi nyingine hawajasema.

Nimekwisha kusema yangu. Sasa yako. Ulijua tangu Aprili. Ungeandika mstari mmoja tu, "Muriel, wamo kwenye vyungu," ningekuja hata kwa mtumbwi wa makasia. Badala yake uliikunja picha ukaitia mfukoni, ukanitumia mdudu kwenye kopo la chumvi na swali la mtego, ukasubiri niseme uongo ili unishike. Ulitaka kunishinda kuliko ulivyotaka minazi ipone. Miezi minne, Clement. Chonga hawakulala miezi minne.

Wataalamu wamepiga hesabu ya siku. Waliotagwa Mei na Juni wataanza kutoka na mbawa Oktoba, kutoka kila gogo, na baada ya hapo hakuna shoka litakalosaidia. Hapo ni mwisho wa mbata, na Mama atapikia maji matupu. Watu wa ofisi wamesema wanaweza kuja, ila Chifu amewajibu kupitia kwa Basil kwamba bila mtoto wa kwanza hata wao hawagusi.

Lifute lile neno la ufukweni. Nitakuja. Mstari mmoja unanitosha.

Muriel


Tarau,
14 Septemba 2017

Dada Muriel,

Mama anakohoa kidogo. Wengine wazima.

Sifuti. Nililisema Baba akiwa kwenye mashua, akanisikia, na leo hayupo wa kunisikia nikilifuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Meli ya Basil inatia nanga hapa Alhamisi, tarehe 28. Chifu amekubali matanga yaanuliwe kabla ya mwaka. Shoka la Baba nimelinoa.

Clement


Honiara,
6 Oktoba 2017

Clement,

Nimefika salama, kama unapenda kujua. Bahari ilikuwa chafu na nilitapika mpaka tukaiona Honiara. Mpe Mama pole ya kunisindikiza na kikohozi kile.

Nakaa nyumbani siku hizi. Ofisi imenipa likizo ambayo haina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia yale ambayo hatukusema, maana kwa siku tatu mazungumzo yetu yalikuwa haya. Nilishuka, ukaniambia, "Shoka hilo." Nikasema, "Nimeliona." Na kwenye gogo la tano shoka lilipokwama, ukanipokonya mpini na kusema, "Unapasua kama mtu wa ofisini." Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa nalia, na uliona.

Lile gogo la kwanza sitalisahau. Nilidhani litanigomea, kumbe shoka liliingia bila nguvu. Ndani hapakuwa na mti, palikuwa na unga wa kahawia, na mabuu wakijiviringisha ndani yake, wakubwa kwa wadogo. Shangazi Olive akasema, "Kumbe muda wote huu kilio chetu kinafuga." Baada ya hapo hakuna aliyezungumza mila. Walivamia yale magogo kwa mapanga na mitaimbo, wazee wale wale waliokucheka, na Chifu mwenyewe akiwa amepiga magoti anachambua kwa vidole. Tulipofika mia tatu tukaacha kuhesabu. Nilipenda ulivyowasha moto wa makumbi, taratibu, kutoka baharini kuja mlangoni, gogo kwa gogo. Baba angekusifu. Nimelisema, sitalirudia.

Kaburini sikukuta ua hata moja. Sikuuliza.

Lakini gogo la tisa, uliona nilichokiona. Vile vyumba vitupu vya udongo. Waliokuwamo walikwisha kukomaa na kuondoka. Hatujui ni wangapi. Ndiyo maana nakuachia kazi hii, ukiita amri shauri yako. Rundikeni kinyesi cha nguruwe na maranda mahali pamoja, mfunike kwa nyavu kuukuu za kuvulia. Chonga akija kutaga ananasa miguu. Kagueni kila Jumamosi, chimbeni kila mwezi, mwandike idadi. Mkipata wengi kila mwezi, basi tumechelewa, na minazi ya kisiwa kizima itakwenda. Mkipata wachache zaidi kila mwezi, niandikie upesi. Nasubiri idadi hiyo kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Hukuniambia karibu nilipofika, wala kwaheri nilipoondoka. Samaki uliyenipa wa njiani hukusema ni wa nani. Nilimla.

Muriel


Tarau,
6 Januari 2018

Dada Muriel,

Heri ya mwaka mpya kwa Watson na watoto. Mama amepona kikohozi na amerudia kuimba kanisani, jambo ambalo si kila mtu amelifurahia. Lucy ameota meno mawili na anauma. Mvua ni nyingi, mtumbwi wangu mdogo umechukuliwa na mto.

Idadi uliyotaka ndiyo hii. Oktoba, nyavu zilinasa kumi na wanne. Novemba, tisa. Desemba, wawili. Tangu Krismasi hakuna, na nimechimba lundo lote mwenyewe leo asubuhi mpaka chini. Buu hakuna hata mmoja. Minazi iliyokufa ni kumi na tisa, ile miwili ya nyuma ya nyumba ya Mama ikiwamo. Tumeikata na kuichoma siku hiyo hiyo, bila kuilaza. Upande wa mashariki wote ni mzima. Vijiji viwili vya jirani vimetazama vilele vyao mnazi kwa mnazi, hawajaona kuti lililokatwa. Sisemi tumemaliza. Nasema Desemba ni wawili.

Maua niliyang'oa Agosti, siku ile ile niliyokuandikia, nikayachoma na udongo wake. Mama alilia. Nilimwambia ni amri yako, kwa hiyo mkikutana usinikane.

Chifu amefanya kikao. Sasa Tarau kuna sheria, na matanga yamebadilishwa. Mtu akifa, minazi yake haikatwi tena. Inafungwa kitambaa na kususwa ikiwa imesimama. Sheria nyingine ni kwamba mzigo wowote unaoshuka ufukweni unamwagwa na kukaguliwa, uwe wa nani. Wakatafuta mtu wa kazi hiyo, mtu asiyejali kuchukiwa, wakanichagua mimi bila kupiga kura. Wiki iliyopita nilimmwagia Shangazi Olive kikapu chake cha magimbi aliyotoka nayo ng'ambo, na udongo wote. Alinitazama, akaniita Muriel mbele ya watu.

Kuhusu Aprili, umesema kweli. Ningeandika mstari ule, tungeikoa minazi mingi kati ya hiyo kumi na tisa. Nimelikubali hilo, na wewe usiniletee tena.

Mama anauliza Pasaka utakuwa wapi. Anauliza kila siku, na anauliza mimi nikiwa nakula. Neno langu la ufukweni bado sijalifuta na usitegemee. Lakini kwa Pasaka Basil anatia nanga Alhamisi kuu. Kwetu mtu haji kwa mama yake bila kitu mkononi, hata awe maskini atashika samaki mmoja. Wewe njoo mikono mitupu. Nitakuwa ufukweni kuikagua.

Clement